Laiki Elfu Mbili, Madera Matatu: Mwongozo Kamili wa Kupima Matangazo ya Duka Lako Mitandaoni

Wauzaji wanaoniletea simu zao niwaangalizie matangazo huanza na maneno yaleyale: "Nimebusti (yaani nimelipia posti ionekane na wengi), watu wameona, lakini wateja sijawaona." Nikiwauliza wiki iliyopita waliuza vitu vingapi kupitia Instagram na vingapi kwa mteja aliyeletwa na shoga yake, kimya. Mara nyingi tangazo halina kosa. Kosa ni kwamba hakuna palipoandikwa nani alitokea wapi, kwa hiyo tangazo zuri na tangazo bovu yanafanana.

Mwongozo huu ni wa duka dogo: unauza Kariakoo au sebuleni kwako, unaposti Instagram, unamalizana na mteja WhatsApp, unalipwa kwa simu, mzigo unaondoka na bodaboda au basi la mkoani. Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, duka la madera. Tarakimu zake nimeziweka kwa ajili ya kujifunzia tu, zako zitakuwa nyingine.

## Andaa hivi kwanza

- Akaunti ya Instagram iliyogeuzwa kuwa ya biashara. Ya kawaida haikuonyeshi takwimu.
- WhatsApp Business kwenye laini ya duka, mbali na laini yako ya ndugu na harusi.
- Daftari la mistari, au jedwali kwenye simu. Mimi hupendelea daftari kwa sababu halihitaji bando na kijana wa dukani hawezi kusema limegoma kufunguka.
- Kadi ya benki au kadi ya mtandaoni ya kulipia matangazo.
- Mauzo yako ya wiki nne zilizopita. Kama hukuandika, rudi kwenye meseji za malipo na taarifa ya lipa namba uhesabu.

Usianze bila hicho cha mwisho. Ndicho utakachokihitaji hatua ya nane, na wengi huja kukitafuta wakati meseji zimeshafutwa.

## Hatua ya 1: Jua dera moja linakuachia shilingi ngapi

Dera letu la mfano linauzwa shilingi 30,000. Kitambaa na fundi ni 18,000, mfuko na lebo 1,000. Linakuachia 11,000.

Hiyo 11,000 ndiyo kikomo chako. Ukilipia tangazo zaidi ya hapo kumpata mnunuzi mmoja wa dera moja, umefanya biashara ya kuwatajirisha wenye mtandao.

Tahadhari: watu hupiga hesabu kwa bei ya kuuzia. "Nimetumia 70,000, nimeuza 270,000, nimepata faida 200,000." Hapana. Fundi bado anakudai. Na kama umetangaza kupeleka mzigo bure, nauli ya boda nayo itoe humo.

Utajua umefaulu ukiweza kutaja kikomo cha kila bidhaa yako kuu bila kushika kikokotoo.

## Hatua ya 2: Geuza akaunti na uweke bei

Ingia kwenye mipangilio ya Instagram, chagua akaunti ya kitaalamu, kisha biashara. Takwimu huanza kukusanywa kuanzia hapo, hazirudi nyuma kuhesabu posti za mwaka jana. Ndiyo maana uifanye leo hata kama tangazo ni la mwezi ujao.

Kisha jambo ambalo wengi watanibishia: acha kuandika "bei njoo inboksi". Najua sababu zenu, washindani wanachungulia. Lakini bei ikifichwa, inboksi hujaa watu wa kuuliza na kukimbia. Mtandao utakuripotia mazungumzo mengi ya bei nafuu, utafurahi, na pesa haitaonekana. Bei ikiwa wazi, wanaokuja ni wachache ila wameshakubaliana na 30,000 kabla hawajakusalimia. Kwa anayetaka kupima, huo uchache ni faida.

## Hatua ya 3: Tengeneza linki zenye alama

Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa hiyo tuende polepole.

WhatsApp ina linki fupi inayomfungulia mteja mazungumzo nawe huku maneno ya kwanza yakiwa tayari yameandikwa. Inaandikwa hivi:

wa.me/2557XXXXXXXX?text=Habari%20nimeona%20dera%20D1

Namba inaanza na 255 bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mbele. Namba yako ikiwa 07XX, unaondoa ile 0 na kuweka 255. Kenya ni 254. Kosa la kuandika 25507 ndilo ninalolikuta mara nyingi kuliko mengine yote: linki inafunguka, inadai namba haipo, mteja anaondoka. Ile %20 ni nafasi kati ya maneno.

D1 ndiyo alama. Kila mlango uupe yake:

- D1: tangazo la kulipia
- D2: linki iliyo kwenye bio ya Instagram
- D3: stori
- D4: TikTok
- D5: Facebook

Mteja akibonyeza na kutuma, meseji yake inafika ikiwa imebeba alama. Hujamuuliza kitu, na umeshajua alikotokea.

Tahadhari mbili. Kwanza, linki ndani ya kapsheni ya Instagram, yale maneno ya chini ya picha, haibonyezeki. Iweke kwenye bio, ambako siku hizi unaruhusiwa linki hadi tano, au kwenye kibandiko cha linki cha stori. Pili, wapo watakaofuta maneno yale na kuandika "mambo". Kwa hao kuna hatua inayofuata.

Utajua umefaulu ukimpa mtu asiye na namba yako abonyeze kila linki kwa simu yake, na zote zikufikie na alama sahihi. Usijijaribie mwenyewe kwa simu ya duka.

## Hatua ya 4: Fungua daftari

Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na hawakuwa na Instagram. Chora safu saba:

1. Tarehe
2. Tarakimu nne za mwisho za namba ya mteja
3. Mpya au wa zamani
4. Alikotokea (D1, D2, ameelekezwa na mtu, amepita dukani, hakumbuki)
5. Alichotaka
6. Alilipa kiasi gani
7. Kama hakununua, kwa nini

Asiye na alama muulize baada ya salamu, kwa lugha ya kawaida: "Karibu dada, umetuona wapi?" Ukimuuliza baada ya kulipa, mawazo yake yako kwenye mzigo na atajibu lolote.

Jibu la "hakumbuki" kwenye safu ya nne usilifute. Bila hiyo kijana wa dukani atamwandikia kila mtu Instagram ili ukurasa ujae. Nimewahi kukuta daftari ambalo wateja wote wa wiki mbili, pamoja na mama wa duka la jirani, walitokea Instagram.

Safu ya saba ndiyo dhahabu. Baada ya mwezi utaona imeandikwa "saizi haipo" mara kumi na moja, au "tulichelewa kujibu" mara nane. Hakuna skrini ya takwimu itakayokwambia hilo.

Ndani ya WhatsApp Business tumia lebo kufuatisha daftari: mpya, anasubiri malipo, amelipa, mzigo umeondoka. Jioni unahesabu lebo, unalinganisha na daftari, unafunga.

Kuhusu namba za watu: ni taarifa zao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya 2019. Usiziuze, usizigawe, wala usimwingize mteja kwenye kundi la ofa bila kumwomba. Ndiyo maana daftarini tunaandika tarakimu nne tu.

## Hatua ya 5: Wiki mbili bila kulipia

Usibusti bado. Posti kama kawaida kwa wiki mbili huku daftari likijaa. Unatafuta duka lako linauza nini lisiposukumwa.

Katika siku hizo soma takwimu za kila posti, lakini ujue unachosoma. Idadi ya waliofikiwa ni watu. Idadi ya mara zilizotazamwa ni macho: mtu mmoja akirudia mara tatu anahesabiwa tatu. Usilinganishe ya kwanza ya posti hii na ya pili ya posti ile. Kwa muuzaji, walioihifadhi posti na walioituma kwa wenzao wana uzito kuliko laiki, kwa sababu dera huhifadhiwa na mwenye nia na hutumwa kwa dada wa kuombwa ushauri. Laiki hutolewa hata na anayesubiri daladala.

Duka letu la mfano liliposti rili ya kuchekesha, fundi anavaa dera mwenyewe. Laiki 2,000, madera matatu. Siku tatu baadaye likaposti picha tulivu ya dera limetundikwa, bei na saizi zimeandikwa. Laiki 70, madera sita. Rili ilileta watu wa kucheka, picha ikaleta wa kuvaa. Rili usiiache, maana wageni huingia kupitia huko. Usiipe tu sifa ya mauzo ambayo haikuyafanya.

Kuhusu stetasi ya WhatsApp: anaiona mtu ambaye mmehifadhiana namba. Una wateja 400 na stetasi inatazamwa na 35? Usilaumu picha. Wengi hawajakuhifadhi. Kila unapotuma mzigo ongeza sentensi moja: "Hifadhi namba hii upate mzigo mpya kwanza." Orodha za kutangazia zina sharti hilohilo, na orodha moja haizidi watu 256.

Utajua umefaulu ukiweza kusema: "Wiki ya kawaida nauza madera kama 10, manne kutoka Instagram."

## Hatua ya 6: Lipia tangazo moja

Chagua posti iliyouza, si iliyopendwa. Kwa duka letu ni ile ya laiki 70.

Fungua Ads Manager, ukurasa wa kusimamia matangazo wa Meta (kampuni yenye Instagram, Facebook na WhatsApp), kwenye kivinjari badala ya kubonyeza kitufe cha kubusti kwenye programu. Sababu ya kwanza ni udhibiti: utaona malengo yote na maeneo yote. Ya pili ni pesa. Tangu 2024, katika nchi kadhaa, kubusti kutoka ndani ya programu ya iPhone huongezewa makato ya Apple ya asilimia 30, ambayo kwenye kivinjari hayapo.

Kwenye lengo, chagua linaloleta mazungumzo ya WhatsApp. Mtandao hukutafutia watu wa kufanya kile ulichoomba. Ukiomba laiki utaletewa mabingwa wa laiki, watu ambao vidole vyao havijawahi kufika kwenye lipa namba. Maneno ya kuanzia mazungumzo yawe na D1.

Eneo liwe kule unakoweza kufikisha mzigo. Kama hutumi mikoani, kwa nini mtu wa Songea aone?

Weka bajeti ndogo kwa siku saba kisha uliache. Mfumo wa Meta hujifunza nani wa kumwonyesha, na hutulia baada ya matokeo takriban 50 ndani ya siku saba kwa kundi moja la tangazo. Anayebadili picha Jumanne, bei Jumatano na umri Alhamisi anaurudisha darasa la kwanza kila siku. Kwa bajeti ya shilingi elfu kumi kwa siku huenda usifike 50. Haidhuru, ila usigawanye pesa hiyo kwenye matangazo matano.

Tahadhari: andika daftarini kiasi kilichokatwa kwenye kadi. Kampeni yaweza kusema 60,000 na benki ikakata 71,000 baada ya kodi na kubadilisha fedha. Gharama yako ni 71,000.

Na siku hizo saba ujibu. Mtu aliyebonyeza saa mbili usiku akajibiwa kesho mchana ameshanunua kwingine, na wewe umeshamlipia.

## Hatua ya 7: Soma namba kuanzia kwenye pesa

Wengi huanza juu: waliofikiwa elfu kadhaa, wakashangilia. Wewe anza chini kwenye pesa, kisha panda juu.

Duka la mfano, wiki ya tangazo:

- Waliolipa kwa D1: 9
- Walioendelea hadi kuuliza saizi au rangi: 30
- Walioanzisha mazungumzo: 48
- Pesa iliyokatwa: 71,000

Gawa 71,000 kwa 9: kila mnunuzi amegharimu takriban 7,890. Kikomo ni 11,000, kwa hiyo tuko ndani. Faida ya madera tisa ni 99,000. Toa 71,000, inabaki 28,000.

Sasa tafuta panapovuja. Watu 30 walikuwa na nia na 21 hawakulipa. Nenda safu ya saba. Ikiwa ni saizi, tatizo ni stoo. Ikiwa ni nauli ya mzigo, ijumlishe kwenye bei au itaje mapema. Ukikuta kinyume chake, yaani wengi wameliona tangazo na wachache sana wameandika, hapo ndipo uiguse picha, bei au eneo.

Usishtuke namba za Meta zikipishana na daftari. Kwa kawaida mfumo wake hujihesabia tukio lililotokea ndani ya siku saba baada ya mtu kubonyeza tangazo, au siku moja baada ya kuliona tu. Mitandao mingine nayo ina hesabu zake. Mteja mmoja aliyepita TikTok na Instagram anaweza kuhesabiwa na mitandao yote miwili kuwa ni wake. Ukijumlisha ripoti zao utajikuta umeuza madera kuliko uliyoshona.

## Hatua ya 8: Zima, uone

Hii ndiyo hatua inayorukwa hata na kampuni kubwa zenye idara nzima ya masoko.

Tisa walikuja na D1. Je, wangapi wangekuja hata bila tangazo? Mteja wako wa zamani anaweza kukutana na tangazo, akabonyeza kwa sababu liko karibu na kidole, akanunua dera ambalo angelinunua tu.

Rudi kwenye wiki ya kawaida: madera 10 kwa jumla. Wiki ya tangazo duka zima liliuza 15. Ongezeko ni matano, sio tisa. Matano mara 11,000 ni 55,000. Gharama 71,000. Ile faida ya 28,000 imegeuka hasara ya 16,000.

Usilifute tangazo bado. Angalia safu ya tatu. Kama wale watano ni wapya na wawili wakarudi ndani ya miezi miwili kununua dera moja moja bila kulipiwa tena, wameleta 22,000 nyingine, na sasa uko mbele kwa 6,000. Kwa duka ambalo wateja wake hurudi, tangazo linaweza kulipa polepole. Kwa muuza mashuka ya mara moja kwa miaka mitatu, haliwezi.

Wiki moja pia ni ndogo. Mwisho wa mwezi mishahara ikitoka, wiki ya kuelekea Idi, Januari ya ada: kila moja huyumbisha mauzo kuliko tangazo lolote. Linganisha wiki ya pili ya mwezi na wiki ya pili ya mwezi mwingine. Washa, zima, washa tena.

Ukituma mizigo mikoani una jaribio bora zaidi. Chagua mikoa miwili inayokununulia kwa kiasi kinachokaribiana, tuseme Mwanza na Dodoma. Tangaza Mwanza tu kwa wiki tatu. Dodoma iache kama ilivyo. Kisha hesabu mizigo iliyopanda basi kwenda kila upande. Idi ikija inakuja kwa mikoa yote miwili, kwa hiyo tofauti inayobaki ina nafasi kubwa ya kuwa ya tangazo. Chapa kubwa hufanya hivihivi kwa mamilioni. Wewe utafanya kwa risiti za basi.

Utajua umefaulu ukiwa na majibu ya kuzima na kuwasha angalau mara mbili, na yakaelekea upande mmoja.

## Mwenye tovuti

Weka Google Analytics, chombo cha kuhesabu wanaoingia kwenye tovuti yako, kisha kila linki unayoposti iongezee mkia wenye utm_source (mtandao), utm_medium (ya kulipia au ya bure) na utm_campaign (jina la ofa). Andika kwa herufi ndogo siku zote: Instagram na instagram zitahesabiwa kama mitandao miwili. Mengine yote ya hatua ya 7 na 8 ni yaleyale.

## Ukimlipa mtu maarufu akutangazie

Mpe kuponi yake na linki yake, D6, hata kama ni rafiki. Kabla ya kulipa omba picha za takwimu za stori zake za karibuni, si idadi ya wafuasi. Soma komenti zake: zikiwa ni moto, moyo, moto, moyo kutoka akaunti zisizo na picha, wafuasi hao wamenunuliwa sokoni kama nyanya. Malipo yake yagawe kwa wanunuzi wa D6, kama ulivyofanya kwa Meta.

## Ratiba ya kila Jumatatu

Dakika ishirini, kabla wateja hawajaanza kuingia. Jumlisha ukurasa wa wiki, gawa gharama kwa wanunuzi, linganisha na kikomo, hesabu sababu za safu ya saba. Halafu badilisha kitu kimoja tu kwa wiki hiyo, ukiandike juu ya ukurasa mpya: "Wiki hii: bei imeandikwa pamoja na nauli." Ukibadilisha vitatu na mauzo yakapanda, hutajua kipi cha kurudia.

Gharama ya mnunuzi ikivuka kikomo wiki tatu mfululizo, na wateja wapya hawarudi, zima tangazo. Pesa hiyo ianze na kinachoongoza kwenye safu ya saba. Duka letu la mfano liliongeza madera ya saizi kubwa.